Bibo au korosho? Swali la TV lililonifanya nimpinge baba yangu laivu, nchi nzima ikitazama

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba, na nyie mnaosoma nyuzi za watu kimyakimya bila kuchangia, nawaona pia.

Mimi humu ni msomaji tu. Lakini juzi kuna mdau aliuliza, hivi wale wanaoshiriki vipindi vya maswali vya TV wanalipwa kweli au ni maigizo? Nikaona watu wanabishana mpaka wanatukaniana mama kwa kitu ambacho hawajawahi hata kukisogelea. Nikasema ngoja nilete yangu.

Sitii chumvi. Haya mambo yalitazamwa na kijiji kizima cha Nyangamara, na baadhi yao wamo humu kwa majina ya ajabuajabu. Nikidanganya mstari mmoja tu watanisuta hapahapa.

Jina la kipindi sitaji. Kituo sitaji. Kiasi nilichopata ndiyo kabisaa sitaji, binamu zangu wana simu janja.

Haya, twende.

Nimezaliwa na kukulia Nyangamara, Lindi huko ndani, kwenye mikorosho. Yaani tulizaliwa tukakuta mikorosho imezunguka nyumba, imezunguka shule, imezunguka mpaka makaburi. Msimu ukifika darasani wanabaki watoto wa walimu tu, wengine wote tuko shamba tunaokota. Unaokota, unanyofoa korosho, korosho inaingia kwenye ndoo, bibo unalila au unalitupa.

Kwa watu wa bara ambao hamjawahi kuliona: bibo ni lile dude nene jekundu au la njano, limejaa maji, linaning'inia mtini na korosho imejishika kwa chini yake. Ukilila linakukaba koo. Na maji yake yakidondokea shati jeupe la shule, hilo doa utalivaa mpaka shati lichanike. Mama alikuwa anajua nimepita wapi kwa kuangalia kola yangu tu.

Dah. Nikiandika hapa nainusa ile harufu. Asubuhi mabibo yamelala chini, yamelowa umande, shamba zima linanuka utamu uliochacha, nyuki wamelewa hawawezi hata kukuuma. Mimi sasa hivi naishi Kilwa Masoko, bahari iko hapo mbele yangu, lakini sijawahi kuisikia harufu ya bahari ikanigusa moyo kama ile.

Basi bwana, lile shamba lilikuwa la babu. Babu alipofariki likabaki la wanawe wote, ila aliyelitunza ni baba yangu peke yake. Palizi yeye, kupuliza salfa ya ukungu yeye, kupunguza matawi yeye. Baba zangu wadogo walikuwa mjini, wanakuja msimu wa mauzo kuchukua chao. Sawa, haki yao, siwalaumu.

Kilichokuja kutokea ni kwamba walimpata mtu anayetaka kulinunua shamba lote. Wakaja na kikao chao, na soda zao. Wakamwambia baba, kaka, sisi tunauza. Kama wewe hutaki, tulipe mafungu yetu kabla msimu haujaisha, shamba libaki lako.

Baba atalipa na nini? Hela yake yote ilikuwa inatoka kwenye mikorosho hiyohiyo.

Hakubisha. Baba yangu hakuwa mtu wa makelele. Alirudi nyumbani, akakaa barazani, akawasha redio. Mama ananiambia hiyo siku aliisikiliza ile redio mpaka betri zikafa, na zilipokufa akaendelea kukaa vilevile.

Shikeni hapo kwenye shamba, maana kila kitu kinachofuata ni kwa ajili ya lile shamba.

Mimi wakati huo nilikuwa mapokezi kwenye gesti moja hapa Masoko. Kazi yenyewe mnaijua. Unaandika jina la mgeni, unampa ufunguo, unamwambia maji ya moto hakuna. Baada ya hapo unakaa. Wageni wengi wanakuja kwa ajili ya magofu ya Kilwa Kisiwani, asubuhi wanavuka, jioni wanarudi wamebabuka wananiuliza habari za masultani. Nami nawajibu vizuri tu, kwa sababu nilishasoma kila kijitabu ambacho wenzao walikisahau vyumbani.

Pale mapokezi kulikuwa na TV, na kile kipindi kilikuwa kinakuja kila wiki. Nikawa najibu kwa sauti kabla mshiriki hajafungua mdomo. Mwanzoni wageni walikuwa wananicheka. Baadaye wakawa wanavuta viti wanikalie karibu, wengine wanabetiana soda.

Siku moja mama mmoja wa makamo, mgeni kutoka Dar, akaniambia, "We Somoe, hapa unamjibia nani? Si uende ukawajibie wao." Akanisimamia pale kaunta mpaka nikatuma ile meseji ya kushiriki.

Nikasahau.

Walipiga simu niko nyuma nafua mashuka. Nikajua matapeli, nikawatukana nikakata. Wakapiga tena. Nikawatukana tena. Mara ya tatu akapiga mwanamke, ananiita dada Somoe kwa upole, ndiyo nikanyamaza nikasikiliza. Mpaka leo naona aibu kwa yule kaka wa mwanzo, kama yumo humu anisamehe.

Usaili nikaenda Dar, nikapita. Hapo nikaambiwa niandikishe jina la mtu mmoja ambaye watampigia simu endapo nitakwama kwenye swali.

Kila mtu akawa na ushauri. Kaka yangu akataka awe yeye kwa sababu ana digrii. Bosi wangu wa gesti akataka awe yeye kwa sababu ni bosi. Nikampigia baba, wala siyo kumwomba, ni kumpa habari tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Niandikishe mimi, mama."

Kwetu baba humwita binti yake mama, na mimi nimerithi jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo kwake nilikuwa mama yake kabisa.

Nikamwambia, "Baba, maswali ya hawa watu ni ya dunia nzima."

Akanijibu, "Kwani mie naishi wapi?"

Nikacheka, nikamwandikisha. Wala haikuwa kumfurahisha tu. Baba yangu aliishia darasa la nne, lakini redio ilikuwa imemlea. Miji mikuu anaijua, marais wanaoingia na kutoka anawajua, nchi zenye vita anakwambia chanzo. Nikajua wakileta siasa za dunia, mzee atawamaliza.

Siku ya siku ikafika. Kipindi kilikuwa kinarushwa laivu. Kule Nyangamara watu wakajaa kwa fundi redio, ndiye aliyekuwa na TV kubwa na jenereta. Baba wakamweka mbele kabisa, amevaa kanzu ya Idi, simu ameishika kwa mikono miwili. Mama anasema alikuwa anawanyamazisha watu kuanzia kwenye matangazo ya sabuni.

Mimi huku nimepakwa poda mpaka shingoni. Kiti kirefu, miguu haifiki chini. Taa zinachoma. Nikasema Bismillah.

Sitawachosha na maswali ya mwanzo. Nilikuwa naogopa wataniletea Kilwa halafu nikosee, nchi nzima inicheke, lakini hata moja la Kilwa hawakuleta. Yalipita vizuri. Swali la mpira nikawaomba watazamaji ukumbini wanisaidie, maana mimi na mpira wapi na wapi. Swali la kemikali nikaomba waniondolee majibu mawili. Nikabaki na simu tu.

Likaja swali ambalo nikipata, hela yake inatosha kuwalipa baba wadogo wote. Nilishapiga hesabu nyumbani, nilikuwa nalijua hilo daraja. Nikikosa, narudi na kifuta jasho. Na nikisema basi, naishia hapa, nachukua nilichonacho, hakifiki hata nusu ya shamba.

Mtangazaji akasoma:

"Kwa mujibu wa elimu ya mimea, tunda halisi la mkorosho ni lipi?"

A. Ua
B. Bibo
C. Korosho pamoja na ganda lake
D. Jani changa

Wakuu, nilitaka kucheka. Nchi nzima hii, maswali yote haya, mtoto wa Nyangamara anaulizwa mkorosho! Nikajua Mungu amesikia dua za mama. Nikafungua mdomo niseme bibo.

Lile neno "halisi" likanikamata.

Mtu akikuuzia asali akakwambia hii ni asali halisi, maana yake anajua kuna isiyo halisi. Sasa hawa kwa nini waseme tunda halisi? Kama jibu ni bibo, ambalo hata mbuzi wa kwetu wanalijua, wangeliweka huku juu kwenye hela kubwa hivi?

Hapo ndiyo nikamkumbuka mwalimu wetu wa biolojia sekondari. Kuna siku alituambia bibo siyo tunda, eti ni kikonyo kilichovimba, na tunda lenyewe ni ile korosho na ganda lake. Darasa zima watoto wa mikorosho, tulicheka mpaka akaweka chaki chini. Mmoja akamuuliza, "Kwa hiyo mwalimu huwa tunakula kikonyo?" Kicheko upya. Nacho nilichokuwa nakikumbuka vizuri ni kicheko, somo lenyewe sikuwa na uhakika nalo hata kidogo. Inawezekana alikuwa anatutania.

Nikasema nataka kupiga simu.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Baba shikamoo."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Ukumbi mzima ukacheka. Saa ya kwenye kioo inarudi nyuma huku tunaulizana mambo ya kula.

"Nimekula baba, nisikilize." Nikalisoma swali mbiombio. Nyuma yake nasikia kijiji kizima kinapiga kelele, bibo! bibo! bibo!

 Baba alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjiwa heshima.

"Hilo ndilo swali lao? Bibo, mama. Tunda ni bibo, korosho ni mbegu. Waambie mie nina shamba la..."

Ikakatika.

Jamani. "Waambie mie nina shamba." Mtu ambaye shamba lake linauzwa. 

Mtangazaji akatabasamu, "Mzee ana shamba bwana! Tufunge B?" Watu wakapiga makofi.

Nikaomba nifikiri.

Nikiifuata B na ikawa siyo, shamba limeondoka, ila baba atabaki na heshima yake, tumekosea wote. Nikisema C na ikawa siyo, shamba limeondoka na nimemdhalilisha bure. Nikisema C na ikawa ndiyo, baba anabaki na mikorosho yake, lakini anabaki nayo ndani ya kijiji ambacho kimemsikia binti yake akimkatalia korosho. Siyo habari ya Marekani wala Urusi, korosho! Kitu pekee ambacho hakuna mtu Nyangamara aliwahi kumbishia.

Nikaikalia mikono yangu.

Nikasema, "C."

Yule mtangazaji, kazi yake ni kukuza mambo, akaegemea mbele. "Somoe. Mzee amesema bibo. Kwa hiyo mzee amekosea?"

Nikatafuta namna ya kulizungusha. Sikuipata.

"Ndiyo. Baba amekosea."

Taa zikawa za kijani. Muziki. Ukumbi wote ukasimama. Mimi nikaanza kulia, na wao wakadhani ni furaha, mpaka kamera ikanisogelea vizuri nionekane navyolia.

Swali lililofuata hata sikulisikia hadi mwisho. Nikasema naishia hapa, nashukuru.

Yaliyotokea kule kwa fundi redio niliyapata kwa mama. Anasema niliposema vile, banda lilikuwa kimya mpaka jenereta ikasikika. Halafu kijana mmoja huko nyuma akaropoka, "Mzee Biboooo!" Watu wakaangua kicheko. Baba akasimama, akanyoosha kanzu yake, akazima simu. Akasema, "Nakwenda kuswali."

Isha walikuwa wameshaswali.

Nikampigia, simu haipatikani. Kesho yake haipatikani. Mama namuuliza, ananijibu, "Yuko shamba." Siku zote yuko shamba.

Walipokamilisha mambo yao ya malipo nikapanda basi. (Naona kuna mdau ameshaniuliza huko PM kama walikata kodi. Walikata ndugu yangu, na makaratasi nilisaini mpaka kidole kikaota sugu. Tuendelee.) Nikashuka barabara kubwa, nikachukua bodaboda. Yule kijana akaniuliza naenda kwa nani, nikamtajia baba. Akawaza, halafu akasema, "Aaah, kwa Mzee Bibo!"

 Nililia nyuma ya pikipiki mpaka kijijini.

Baba alikuwa barazani. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia kama siku zote. Akauliza safari. Akachinja jogoo mwenyewe kwa mkono wake. Tukala, tukaongea habari za shangazi, habari za mvua, habari za bei ya salfa. Habari ya TV hakuna. Nami nikaogopa kuianzisha.

Asubuhi akaniambia, "Mama, twende shamba."

Tukaenda. Mabibo yameiva, yamejaa mtini na chini. Tukatembea, anaigusagusa mikorosho mmoja mmoja. Akafika kwenye mmoja, akachuma bibo kubwa jekundu, akanyofoa korosho akaiweka mfukoni, bibo akanipa mimi.

"Kula."

Nikala. Maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Tamu?"

"Tamu, baba."

"Umekula nini?"

Nikasema, "Bibo."

Akaitoa ile korosho mfukoni na ganda lake. Akanipa. "Haya, kula na hiyo."

Nyie mnaijua korosho mbichi na ganda lake? Ule utomvu unaunguza mdomo mpaka ngozi inatoka. Nikaishika tu, nikamwangalia.

"Ndilo tunda hilo," akasema. "Mbona huli?"

Nilicheka nikiwa nalia. Na yeye akacheka, akijaribu kujizuia, mabega yanamtikisika. Akanipangusa kiwiko kwa shati lake akasema, "Haya, tuokote, jua linapanda."

Jambo lenyewe likaishia hapo kati yetu. Baba wadogo wakaitwa, wakalipwa mbele ya mtendaji wa kijiji, shamba likawa la baba. Hakusema asante. Alisema, "Haya." Kesho yake alfajiri akaenda kupalilia.

Ila kijijini Mzee Bibo ndiyo ikawa imeshashika. Na baba mwenyewe, baada ya muda, akatengeneza toleo lake la ile habari. Mtu akimtania anamkalisha chini vizuri na kumweleza: "Wale watu wa Dar walikosea swali. Mwanangu alipoona wamekosea, akawaonea haya kuwaumbua mbele za watu. Akawapa walichokitaka. Wakamlipa kwa adabu yake."

Kwa adabu yangu! Wakuu, mimi niliyesema baba amekosea nchi nzima ikisikia, baba yangu alizunguka vijiji vyote anasifu adabu yangu. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko. Sijui kama nitawahi kupendwa tena na mtu kwa namna ile.

Kila msimu ukianza alikuwa ananipigia Masoko. Hata salamu hamalizi. "Mama, matunda yameanza kudondoka." Matunda, analikazia mwenyewe. Nami najibu, "Na korosho je, baba?" Anasema, "Mbegu nazo zipo." Tunacheka, anakata, salio lenyewe la kuungaunga. Miaka yote ile.

Mwaka jana alifariki. Hakuugua sana. Alitoka shamba, akasema amechoka, akalala. Ilikuwa katikati ya msimu.

Nilifika Nyangamara mchana. Ndani kwa wanawake hapapitiki. Nikakaa na mama, nimejifunika kanga, nasikia huko nje wanaume wanajiandaa kumtoa.

Sasa kwa wasioijua kusini: kwetu msibani watani ndiyo wenye uwanja. Kuna makabila jirani tunayotaniana nayo tangu mababu, siyataji maana wamo humu wataanza fujo zao. Hao wanakuja, wanamuigiza marehemu, wanadai chochote, wanalala mbele ya jeneza, na huruhusiwi kuwakasirikia. Unawapa kitu kidogo, wanapisha.

Jeneza likanyanyuliwa. Nikasikia zogo. Halafu nikasikia kicheko, kicheko kikubwa cha watu wengi, mpaka wanawake ndani tukaangaliana.

Nikachungulia dirishani. Mtani mmoja mzee amevaa kofia ya baba na koti la baba, bibo ameliweka sikioni kama simu. Mwingine ameshika mwiko mbele ya mdomo, ndiye mtangazaji.

"Halo! Mzee! Tunda la mkorosho ni lipi?"

"Kwanza mama yangu amekula?"

Watu hoi. Wanaume wamebeba jeneza la baba yangu na wanacheka machozi yanawatoka. Alimpatia, jamani. Ile sauti, ile kukohoa kabla ya kuongea. Kwa sekunde moja hivi niliamini ni yeye.

Baba mdogo akatoa hela awape wapishe. Wakaikataa. Sheikh akasema, "Jamani, maiti haicheleweshwi." Yule mwenye mwiko akajilaza chini kabisa mbele ya wabebaji, akasema:

"Hatutaki hela. Tunamtaka aliyejibu. Aje ajibu tena, mzee wetu ndiyo apite."

Wakaanza kuniita. Somoe! Somoe! Mama akanisukuma mgongoni, "Nenda, wasimcheleweshe."

Nikatoka mpaka mlangoni.  Yule mtani akainuka, mavumbi yamemjaa, akaniwekea mwiko mdomoni.

"Mbele ya huyu mzee," akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Tunda la mkorosho ni lipi?"

Nikaliangalia jeneza.  Nikajikaza, nikataka nisikike mpaka kule barabarani.

"Bibo."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Baba hakukosea."

Yule mtani akatupa mwiko juu, "Sahihiiii!" Akageuka, akawa wa kwanza kuingiza bega chini ya jeneza. Wakaondoka naye kupitia shambani kwake, chini ya mikorosho yake, nikawaangalia mpaka wakapotelea kule kwenye matawi.

Wakuu, ndiyo hayo.

Funzo nililolipata mimi ni dogo tu. Kuna jibu la kukuletea hela, na siku ile nilihitaji hela, nikalitoa, na ningelitoa tena leo. Lakini kuna watu unadaiwa kuwajibu vingine, na usingoje watani wakuitie mlangoni. Mwenye mzee wake hai ampigie leo, amuulize kitu chochote anachokijua, halafu asimbishie.

Karibuni mchangie. Mlioshiriki vipindi kama hivi leteni yenu. Wa Lindi na Mtwara, semeni bibo ni nini. Na nyie wa biolojia nawaona mmeshaanza kuandika, mko sahihi, nawaombeni msiandike hapa.